Msiuze mbuzi kwa sababu ya noti za Amin

JUMA hili nina barua mezani ambayo haiwezi kungoja zamu yake. Imetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma Kitale, lakini kwao ni Suam, pale mpakani ambapo mto wenye jina hilo hilo unateremka kutoka Mlima Elgon na kuitenga Kenya na Uganda. Anasema kwamba wakati wa likizo nyanya yake alifungua sanduku la bati kutafuta cheti cha ubatizo, na chini kabisa, chini ya mablanketi, akakuta bunda la noti lililofungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Zote ni za Uganda. Nyingi zina uso wa Idi Amin, kadhaa zina picha ya jengo tu, na chache zina uso wa Milton Obote. Marehemu babu yake alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka na kurudi, na inaonekana hakumwambia mtu kuhusu pesa hizo.

Habari haikulala. Kesho yake jirani alifika na simu mkononi, akasema anamjua mtu Nairobi anayenunua "pesa za Amin" kwa laki moja kila noti. Mtu huyo alipopigiwa alizungumza kwa adabu tele, kila neno la pili likiwa ni "mama", kisha akasema kwamba kabla ya kufunga safari anahitaji Sh6,000 za ukaguzi. Familia imekubaliana kuuza mbuzi mmoja. Kijana ananisihi nimjibu kabla ya siku ya soko.

Mwanangu, jibu ni fupi: msiuze. Mnunuzi ni mtu wa kutoa pesa, si wa kupokea. Tangu lini ukaenda dukani kununua sukari na mwenye duka akakupa sukari na pesa juu? Anayedai ada ili anunue mali yako hataki mali yako, anataka ile ada, na akishaipata simu yake haitashikwa tena. Mtindo huu umewanasa watu wengi wenye sarafu za Mfalme George, redio za zamani na taa za kibatari. Sasa zamu imezifikia noti za Amin.

Lakini kijana ameuliza swali la pili ambalo ni zuri kuliko la kwanza. Anataka kujua noti hizo ni nini hasa, na kama hazina thamani, kwa nini babu yake alizitunza miaka yote hiyo. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wakusanyaji wa noti za zamani wapo duniani kote, na wanazo sheria zao. Umri pekee hauwasisimui. Wanalipia vitu viwili, uhaba na usafi. Noti ambayo wengi wanayo ni rahisi hata ikiwa na miaka 50, na noti iliyokunjwa, ikatoboka na kuingia mafuta ya kupikia hupoteza sehemu kubwa ya bei hata kama ni adimu. Noti za Amin zilichapishwa kwa wingi mno, kisha zikakoma kutumika zikiwa bado mikononi mwa watu. Matokeo ni kwamba zimejaa tele katika masanduku ya bati kuanzia Kapchorwa hadi Bungoma. Iliyochakaa huuzwa kwa dola chache tu, na hapo umepata mnunuzi mwenye moyo. Laki moja? Labda ndotoni.

Ili kuelewa bunda la babu, turudi nyuma hadi wakati ambapo pale Suam hapakuwa na haja ya kubadilisha pesa. Kuanzia mwaka 1922 hadi wakati wa uhuru, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake London. Mkulima aliyevuka mto na gunia la mahindi alirudi na noti ile ile ambayo karani wa Kitale alilipwa mshahara. Mwaka 1966 umoja huo ukavunjika. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi Juni, ya Uganda Agosti, na ya Kenya Septemba, kila moja na noti zake. Mwanzoni shilingi hizo tatu zilikuwa sawa kwa sawa, na mfanyabiashara wa mpakani hakujali sana mfukoni amebeba ipi. Tabia hiyo ya kutojali iliwagharimu wengi baadaye.

Januari 25, 1971 Amin alimpindua Obote. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, maduka yakabaki matupu, na mwaka 1973 zikatoka noti mpya za shilingi 10, 20, 50 na 100 zenye uso wake. Ile ya shilingi 5 ilifuata mwaka 1977. Ukizishika utaona kwamba hazikuchapishwa mwaka wowote. Ndiyo maana wakusanyaji huzitambua kwa sahihi za wakuu wa benki zilizo chini ya maandishi, na mtu anayekuambia "hii ni ya mwaka 1974 hasa" bila kutazama sahihi anakisia.

Sasa njoo upande wetu wa mlima. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikaruka. Mkulima wa Uganda, ambaye kwa sheria alipaswa kuuzia bodi ya serikali, alilipwa kidogo tena kwa shilingi ambayo haikununua kitu, kwa kuwa dukani hapakuwa na sabuni wala chumvi. Akageuza uso upande wa jua linakochomoza. Kahawa ilivuka Elgon kwa punda, kwa vichwa vya akina mama, kwa baiskeli zilizosukumwa usiku. Soko la Chepkube katika wilaya ya Bungoma, ambalo hapo awali halikuwa na umaarufu wowote, likavuma nchi nzima. Walioshuhudia miaka ile husimulia malori yaliyopanga foleni na watu waliotoka maskini asubuhi wakarudi matajiri jioni. Amin naye hakuwa akicheza. Mwaka 1975 alitoa amri ya kuunda mahakama maalumu za makosa ya kiuchumi, na mlanguzi aliyepatikana na hatia aliweza kuuawa kwa risasi.

Waganda waliwaita matajiri wa magendo "mafuta mingi". Najua walimu wa Kiswahili wanaosoma ukurasa huu tayari wamechukua kalamu nyekundu, kwa kuwa mafuta ni mengi, si mingi. Waache hivyo hivyo. Ni neno lililozaliwa kambini na sokoni, na Waganda wanalikumbuka hadi leo likiwa na kosa lake.

Katika biashara ile kilichotakiwa ni shilingi ya Kenya, au bidhaa: sukari, sabuni, nguo, betri. Shilingi ya Uganda ilipokelewa kwa shingo upande na mtu aliyejua ataitumia upesi, au aliyekuwa na matumaini kwamba mambo yatatengemaa. Nadhani babu wa kijana wetu alikuwa wa aina hii ya pili. Mtu anayeuza sukari upande wa pili hawezi kukataa kila mteja asiye na fedha za Kenya. Hupokea, huweka, husubiri bei iwe nzuri. Na kule Uganda bei haikuwa nzuri tena kwa miaka mingi.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania ikajibu, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Serikali mpya haikutaka kulipa mishahara kwa uso wa mtu aliyetimuliwa. Ndipo zikaja zile noti za babu zenye picha ya jengo: ni jengo la Benki Kuu ya Uganda. Mimi huzipenda hizi kuliko nyingine zote, na wakusanyaji wengi huzipita haraka kwa kuwa hazina mbwembwe. Hebu fikiria wakati wenyewe. Yusuf Lule alikaa ikulu siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Ikaja tume ya kijeshi ya Paulo Muwanga. Mchapishaji angeweka uso wa nani? Jengo halipinduliwi.

Obote alirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, uchaguzi ambao wapinzani wake waliukataa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni. Kuanzia hapo pembetatu ya Luwero ikawa uwanja wa mauti. Msomaji kijana anaweza kuzisoma nyakati hizo kwenye noti zenyewe bila kufungua kitabu, akihesabu sufuri tu. Chini ya Amin noti kubwa kuliko zote ilikuwa shilingi 100. Juni 1981 serikali iliiacha shilingi ielee, ikashuka kutoka karibu 8 kwa dola hadi karibu 80. Mwaka 1983 zikaja noti za 500 na 1,000 zenye uso wa Obote. Mwaka 1985 ikaja ya 5,000. Kila sufuri mpya maana yake ni kwamba mzazi fulani alikwenda sokoni na pesa za jana akakuta hazitoshi.

Julai 27, 1985 Obote akapinduliwa mara ya pili, safari hii na majenerali wake mwenyewe, na Januari 1986 wapiganaji wa Museveni wakaingia Kampala. Noti za 500 na 1,000 zikachapishwa upya zikiwa na nembo ya taifa mahali pa uso wa Obote. Mkusanyaji akiziweka mbili hizo kando kwa kando, ya 1983 na ya 1986, anaona serikali ikibadilika juu ya karatasi.

Sasa tufike Mei 1987, kwa maana hapo ndipo noti za vita zilipokufa rasmi. Bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka. Serikali ya Museveni ilikata sufuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake ikatoza kodi ya asilimia 30 kwa kila kilichobadilishwa. Wanafunzi, chukueni kalamu. Mtu aliyekuwa na shilingi 100,000 za zamani alistahili 1,000 mpya. Ondoa 300 za kodi, akaenda nyumbani na 700. Huyo ni aliyefika benki. Je, yule aliyekuwa ng'ambo ya mto, asiyetaka kuulizwa na askari pesa hizo amezipata wapi? Je, mkimbizi? Je, mjane ambaye hakujua mumewe ameficha wapi? Hao walibaki na karatasi. Na aliyekuwa bado na noti za Amin alikuwa ameachwa na gari tangu zamani.

Kijana wangu, hiyo ndiyo sababu ya bunda kuwa pale chini ya mablanketi. Si hazina iliyofichwa, ni hasara ambayo babu yako hakuwa na moyo wa kuitupa. Muulize nyanya yako aliuza nini miaka ile, na kwa bei gani. Muulize kama kulikuwa na ng'ombe waliouzwa kwa noti hizo. Inawezekana hatapenda kusema, basi usimlazimishe. Lakini akisema, andika, kwa sababu noti ikishatenganishwa na maneno yake huwa ni karatasi kama nyingine zote zilizoko sokoni.

Tena msione kwamba haya ni ya Waganda peke yao. Sisi Kenya, bila vita vyovyote, tulitangaziwa Juni 1, 2019 kwamba noti zetu za zamani za Sh1,000 zitakoma Septemba 30. Miezi minne ilipokwisha, zaidi ya noti milioni 7 hazikuwa zimerudishwa benki, yaani zaidi ya Sh7 bilioni zilizogeuka kuwa kumbukumbu. Nyingine bila shaka zilikuwa za wezi, lakini nyingine zilikuwa za wazee waliozishonea ndani ya magodoro. Na tangu Katiba ya 2010, pesa zetu haziruhusiwi kubeba picha ya mtu yeyote, ingawa sanamu ya Mzee Kenyatta mbele ya jengo la KICC ilipopita katika noti za 2019 watu walikwenda mahakamani kubishana. Waliotunga kifungu hicho walikuwa na mifano ya kutosha ng'ambo ya mpaka.

Anayetaka kuanza mkusanyo wa noti za vita hana haja ya kwenda mbali na Afrika Mashariki. Rwanda ilitoa noti mpya zenye tarehe ya Desemba 1, 1994, ili zile zilizobebwa na serikali iliyokimbilia Zaire baada ya mauaji ya kimbari zisiwe na kazi. Somalia ndiyo kioja: serikali ilianguka Januari 1991, benki kuu ikafa, lakini shilingi ikaendelea kutembea, na wababe wa vita na wafanyabiashara wakachapisha noti zao za 1,000 ng'ambo na kuziingiza kwa meli. Mkusanyaji wa Somalia hana budi kujifunza ipi ni halali na ipi ni ya mfanyabiashara, ilhali sokoni Mogadishu zote zilinunua mkate. Adimu zaidi ni za Katanga, jimbo lililojitenga na Congo kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963 na kutoa noti zenye uso wa Moise Tshombe. Hizo, zikiwa safi, zinaweza kuleta pesa za maana. Mtu akikuletea moja iliyokuwa katika Biblia ya babu, usimcheke.

Sasa kazi ya mikono. Kwanza, usizioshe. Nimesikia watu wakizisugua kwa sabuni ya unga ili zing'ae, na wengine wakizipiga pasi. Noti iliyooshwa hupoteza uimara wa karatasi, na mkusanyaji huitambua kwa kuigusa tu. Usibandike gundi wala utepe ule wa plastiki penye mpasuko, kwa kuwa baada ya miaka michache huacha doa la manjano lisilotoka. Zifungue taratibu, zilaze chini ya kitabu kizito kwa siku kadhaa, kisha uziweke kila moja katika bahasha ya karatasi nyeupe au mfuko mwangavu mgumu. Mifuko laini yenye harufu kali ya plastiki huziharibu. Mbali na moshi wa jikoni, mbali na jua, mbali na panya, ambao hawajui historia.

Kisha chukua daftari. Andika thamani, picha iliyopo, namba, na sahihi kama unaweza kuzisoma. Tazama pia nyuma. Watu wa mpakani walikuwa na mazoea ya kufanya hesabu kwenye noti, na hesabu ya kalamu ya wino pembezoni, "gunia 4, deni 60", humfanya muuzaji wa London anung'unike kwa kuwa noti imechafuka. Mimi ningeinunua hiyo kwanza.

Na kama mna noti zinazofanana, msizirundike zote nyumbani. Makumbusho ya Kitale yapo karibu, na yalianza kwa namna hii hii. Hugh Stoneham, afisa wa jeshi aliyelowea Trans Nzoia, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926 akikusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji, vitu ambavyo majirani zake waliviona takataka. Alipofariki mwaka 1966 aliviacha pamoja na fedha za kuviendeleza, na mwaka 1974 yakafunguliwa makumbusho tunayoyajua leo, ya kwanza nchini nje ya Nairobi na pwani. Mtoto wa Suam akiingia pale na noti mbili na ukurasa mmoja wa maneno ya nyanya yake, sioni kwa nini afukuzwe.

Mimi mwenyewe nina swali ambalo noti hazijanijibu. Walipouza kahawa Chepkube mwaka 1976 na 1977, wale wapagazi waliobeba magunia kutoka juu mlimani, wasio na jina katika kitabu chochote, walilipwa ujira wao kwa pesa gani? Nimeambiwa ya Kenya, nimeambiwa ya Uganda, na mzee mmoja aliapa kwamba yeye alilipwa sukari tu. Walioshika pesa hizo, au waliopika chai na mandazi kuwauzia wabebaji, bado wapo Cheptais, Kapsokwony, Endebess na Kitale. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja wao, kaa naye mchana huu, muulize, kisha uniandikie.